Thamani au samani: vifaa vya simu za intaneti nilivyovijaribu nyumbani kwetu Tabata

Nasomesha Kiswahili kwa simu. Wanafunzi wangu wako Hamburg, Leeds na Toronto, na mimi niko Tabata, chumba cha nyuma, dirisha linatazamana na gereji ya jirani. Masika ya mwaka jana mwanafunzi mmoja alinisomea sentensi aliyoitunga: "Nyumba hii ina samani kubwa." Tulikuwa tunazungumzia bei za viwanja, kwa hiyo nikamsahihisha, nikamwambia neno linalotakiwa hapo ni thamani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nimesema thamani." Nikamwomba arudie. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu mimi nilisikia samani. Mtoto wa watu alikuwa anatamka sawasawa. Th yake ilikuwa inapotea njiani, nami nikawa namkosoa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Siku ile niliumia. Mwalimu wa lugha asiyesikia anachoambiwa anafundisha nini? Tangu hapo nimenunua vifaa, nimeazima, vingine nimevirudisha dukani, kwa ajili yangu na kwa ajili ya Mama, ambaye naishi naye na ambaye simu ya kioo ilimshinda. Naandika kwa yeyote mwenye intaneti nyumbani anayetaka kupiga simu kupitia intaneti hiyo na kusikilizana na mwenzake bila kuulizana "unasemaje?" kila baada ya sentensi mbili.

Nianze na sauti yenyewe, maana madukani niliuliza sana na wengi walinijibu kuhusu rangi na chaji. Simu ya kawaida, tangu enzi za waya, hubeba sauti kuanzia mitetemo kama 300 hadi 3,400 kwa sekunde, basi. Kodeki ya G.711, yaani utaratibu wa kugeuza sauti kuwa namba ili isafiri, ni ya mwaka 1972 na inafuata kipimo hichohicho. Inatosha kumtambua mtu na kuelewa mazungumzo. Lakini s, f na th ni sauti za pumzi, na sehemu kubwa ya kinachozitofautisha kiko juu ya mpaka huo. Ukikata pale, zote tatu zinakuwa upepo mmoja, na msikilizaji anajazia kwa akili yake. Sisi tuliozaliwa na lugha tunajazia bila kujua. Ila mwanafunzi anapokosea, au anapopatia, huna cha kujazia. Kodeki ya G.722, ya mwaka 1988, inafika mitetemo 7,000. Opus, iliyotoka mwaka 2012, inaweza kupanda hadi 20,000. Programu niliyokuwa naitumia inatumia Opus. Kwa hiyo sauti nzuri ilikuwa inafika hadi kwenye kompyuta yangu. Ilikuwa inafia kati ya kompyuta na sikio.

Nilikuwa navaa hedifoni za Bluetooth. Nilizinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 45,000, baada ya winga kuniwekea muziki na mimi kufurahi. Na kweli kwa muziki ni nzuri hadi leo. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba Bluetooth ikiwa inapeleka muziki tu, njia yote inatumika upande mmoja. Maiki ikiwaka, hedifoni inahama na kuingia kwenye hali ya simu, njia inagawanywa kwenda na kurudi, na sauti inashuka kwa kishindo. Za zamani na za bei ya chini hushuka hadi sampuli 8,000 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara 8,000, na vipimo hivyo hubeba mitetemo isiyozidi nusu yake, kwa hiyo unarudi palepale pa mwaka 1972. Nyingi zilizo bora zaidi hufika sampuli 16,000. Unaweza kujaribu mwenyewe kabla hujatoa hela: weka wimbo wa taarabu unaoujua vizuri, kisha fungua programu yoyote ya kurekodi sauti ili maiki iwake huku wimbo unaendelea. Fidla zikigeuka kuwa kama zinapigwa ndani ya debe, umepata jibu. Mwombe muuzaji akuruhusu ufanye hivyo palepale dukani. Wa kwangu wa pili aliniruhusu.

Huyo wa pili alikuwa Posta, jirani na Mtaa wa Samora, kwenye duka dogo la vifaa vya kompyuta, na kutoka kwake nilichukua hedifoni ya waya ya USB yenye maiki ya kijiti. Shilingi 78,000, na risiti ya EFD juu. Tofauti ya USB na ile pini ya duara ya kawaida ni kwamba ya USB inabeba kadi yake ya sauti ndani, kwa hiyo haijali kama tundu la kompyuta yako limechoka au linavuma. Somo la kwanza nililolifanya nayo nilimwita yule mwanafunzi wa thamani. Nikamwandalia jozi za maneno: thamani na samani, dhana na zana, futa na suta. Nilimwomba azichanganye bila kuniambia ipi inakuja. Nilizipata zote. Nilimwomba radhi kwa miezi niliyomkosoa bure, akacheka, lakini mimi nilikuwa na machozi.

Sasa mambo ya nyumba zetu. Maelezo ya kwenye boksi huwa hayasemi lolote kuhusu pangaboi. Huku kwetu kuanzia Novemba hadi Machi huwezi kukaa chumbani bila pangaboi au feni ya mezani, na upepo ukipiga maiki, mwenzako anasikia kimbunga. Nilichojifunza: kijiti cha maiki kisikae mbele ya mdomo, kikae pembeni, chini kidogo ya kona ya mdomo, umbali wa vidole viwili, na kivae kofia yake ya sponji. Feni ya mezani ielekezwe mgongoni. Hapo mtu anaweza kufanya kazi saa nzima bila mwenzake kulalamika. Mvua juu ya bati ni habari nyingine. Mvua kubwa ikianza, hakuna maiki itakayokuokoa. Mimi humpa mwanafunzi zoezi la kuandika hadi ipungue. Gereji, kwa upande wake, inatulizwa na kile kitufe cha kuzima maiki kilichopo kwenye waya. Usinunue hedifoni ya kazi isiyokuwa nacho, maana kukitafuta kwenye skrini wakati nyundo imeshaanza ni kuchelewa.

Kingine ni jasho. Zile sponji za masikio zinazofunikwa na ngozi bandia hazistahimili unyevunyevu wa Dar. Baada ya mwaka huanza kumenyuka na kukuachia vipande vyeusi shingoni. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alinishonea vifuko vya pamba vya kuvalisha juu, shilingi 3,000 kwa jozi, nami huvifua kila Jumamosi. Sauti haibadiliki.

Kama huna bajeti kabisa, iyafoni ya waya iliyokuja na simu yako inashinda Bluetooth nyingi kwa mazungumzo. Sina zaidi la kusema hapo, maana ndiyo ukweli.

Nije kwa Mama.

Mama ana miaka 76, na alikuwa karani, kwa hiyo alipokea simu ya ofisi kwa miaka mingi. Simu ya kioo inamtesa. Vidole vyake vimekauka, kioo hakimsikii, na ile ishara ya kutelezesha ili upokee inamchanganya na ile ya kukata. Kaka yetu yuko Leicester. Akipiga, Mama anakimbilia simu, anaigusa mara tano, inakatika, halafu anakaa na huzuni mpaka jioni akidhani Kaka amekasirika. Akaniambia siku moja, "Mwanangu, mimi nataka simu yenye mkono. Niinue, niseme halo."

Na simu yenye mkono ilikuwepo. Ile ya vitufe ya enzi za laini ya 022, ambayo ilikatwa miaka mingi nyuma, ilikuwa bado kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kinachohitajika ili iongee na intaneti ni kisanduku kinachoitwa ATA, adapta ya simu. Upande mmoja kinachukua waya wa intaneti kutoka kwenye ruta, upande wa pili kina tundu dogo la simu ya mezani, na kinafanya kazi yote ambayo zamani ilifanywa na kituo cha simu: kinaipa simu umeme wa kuamkia, kinaipigia kengele, kinatoa ule mlio wa "piga sasa", na kinageuza sauti kuwa namba. Nilichonunua ni Grandstream HT801, cha laini moja. Ndugu yake HT802 kina matundu mawili. Muuzaji aliniagizia, nikasubiri wiki mbili, nikalipa shilingi 145,000. Hakizidi ukubwa wa pakiti ya biskuti. Hakina Wi-Fi, kwa hiyo ni lazima kikae karibu na ruta au uvute waya.

Ukiagiza, angalia maneno mawili yanayofanana sana: FXS na FXO. FXS ndilo tundu la kuchomekea simu. FXO ni la kuchomekea laini inayotoka ukutani. Ukinunua chenye FXO pekee ukachomeka simu yako, haitalia kamwe, na kosa si la kifaa. Pia jihadhari na visanduku vya mtumba kutoka ng'ambo vilivyofungiwa mtoa huduma mmoja. Vinauzwa rahisi kwa sababu havifunguki. Kwa sababu hiyohiyo nilikwepa vifaa vya huduma moja tu. Skype ilianza mwaka 2003 na ikafungwa Mei 2025, na aliyekuwa na kifaa cha Skype peke yake amebaki na plastiki. Vifaa vinavyofuata SIP, utaratibu wa wazi wa kuanzisha na kukata simu za intaneti, unaweza kuhamisha akaunti leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kifaa kikabaki kilekile.

Kukipanga HT801 kulinichukua jioni moja. Unachomeka simu, unainua mkono, unabonyeza nyota mara tatu, kisha 02, na sauti ya mama mmoja inakusomea anwani ya kifaa kwa Kiingereza, tarakimu moja moja. Unaiandika anwani hiyo kwenye kivinjari cha kompyuta, unaingia, unajaza jina la seva, namba ya akaunti na nywila ulizopewa na mtoa huduma wa SIP. Kaka alifungua akaunti kwa mtoa huduma yuleyule na anaitumia kwenye simu yake ya mkononi kwa programu ya Linphone. Akaunti kwa akaunti hatulipii dakika, tunalipia intaneti tu.

Halafu vitu viwili vikatukwamisha. Cha kwanza kilikuwa kidogo sana: simu ilitoa mlio, lakini nikibonyeza namba, hakuna kinachotokea. Nilihangaika saa nzima kwenye kompyuta. Mama ndiye aliyeigeuza simu, akaniuliza, "Hiki kiswichi chenye T na P ni cha nini?" Simu za zamani zilipiga namba kwa kukatakata umeme, na hiyo ndiyo P. Za baadaye hutumia milio, ndiyo T. Yetu ilikuwa kwenye P. Nikakisogeza, ikapiga.

Cha pili kilitukalia usiku mbili. Kaka alipiga, simu ikalia, Mama akainua. Kaka anatusikia, sisi hatumsikii. Mama anasema "halo, halo, nani mwenzangu?" na kule Leicester mtu mzima analia kwa kuwa anamsikia mama yake na hawezi kumjibu. Ukikutana na hali hii ya sauti kwenda upande mmoja, usikimbilie kulaumu kisanduku. Ruta nyingi zina kipengele kinachoitwa SIP ALG, ambacho kiliwekwa kusaidia simu za namna hii na mara nyingi huziharibu, kwa sababu kinabadilisha anwani zilizoandikwa ndani ya ujumbe wa simu na sauti inatumwa mahali pasipo. Nilikizima, nikawasha ruta upya, na Kaka akasikika kama yuko sebuleni. Kwa wanaotumia ruta za laini ya simu ya mkononi badala ya faiba, kuna jambo la nyongeza: huko wateja wengi hushiriki anwani moja ya nje, na njia ya kurudi hujifunga ikikaa kimya. Kwenye kisanduku kuna mpangilio wa kutuma ujumbe mdogo kila baada ya sekunde kadhaa ili mlango ubaki wazi. Uwashe, la sivyo utapiga nje vizuri na simu za kuingia hazitalia.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kisanduku hiki ni mpangilio wa kujipigia. Nimeweka kwamba Mama akiinua mkono wa simu na asibonyeze chochote kwa sekunde tano, simu inampigia Kaka yenyewe. Hahitaji miwani wala kukumbuka namba. Anainua, anasubiri, anaongea.

Kuna jingine sikulitarajia. Kwenye simu ya kioo Mama alikuwa anapiga kelele hadi majirani wanajua habari zetu. Kwenye simu ya mkono anaongea taratibu. Nilidhani ni furaha, kumbe kuna sababu: simu za mezani humrudishia msemaji sauti yake mwenyewe kidogo kwenye sikio, naye hujua kiasi cha kuongea. Simu za mkononi hufanya hivyo kwa kiasi kidogo sana. Na hapa sauti ni ileile nyembamba ya G.711, ile iliyoniharibia masomo. Mama haimsumbui hata chembe. Yeye anawajua watoto wake kwa pumzi tu, hana haja ya kutofautisha th na s. Anachotaka ni sauti kubwa, mkono wa kushika na kengele inayosikika hadi uani. Hilo ndilo ninalowaambia wanaoniuliza "kifaa gani kizuri": kwanza niambie nani atakishika, na sikio lake linatafuta nini. Ningemnunulia Mama hedifoni yangu ya USB, ningetupa hela. Na mimi ningefundisha kwa simu yake, ningekuwa naendelea kuwakosoa watu bure.

Njia nyingine nitazipitia haraka. Simu ya mezani ya IP, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye waya wa intaneti bila kisanduku, niliazima kwa jirani kwa wiki moja. Sauti yake ni safi, kwa kuwa nyingi zina G.722 na mkono wenyewe umetengenezwa kwa sauti pana. Kwa ofisi ya nyumbani yenye mtu mmoja anayepokea simu kutwa, ningeichukua. Kwa Mama maandishi ya kioo yalikuwa madogo, na bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya kisanduku, wakati simu ya kabatini haikutugharimu kitu.

Simu zisizo na waya za kutembea nazo ndani ya nyumba, zinazotumia DECT, utaratibu wa redio wa simu za nyumbani, zipo za namna ya Ulaya na namna ya Marekani, na hapa nasisitiza kwa sababu wengi huletewa zawadi. Binamu yetu alituletea seti ya Marekani, nzuri kwa macho. Ya Ulaya hutumia masafa ya megahezi 1,880 hadi 1,900. Ya Marekani hutumia 1,920 hadi 1,930, na hapo ndipo simu za mkononi za 3G za bendi ya 2,100 zinapotumia kupeleka mawimbi mnarani, kuanzia 1,920. Ukiiwasha unaingilia mawasiliano ya watu wengine. Juu ya hapo, chaja yake ilikuwa ya volti 120 na umeme wetu ni 230. Tulimshukuru sana binamu na seti ikabaki kwenye boksi. Ukimwagiza mtu, mwambie ya Ulaya au Uingereza, na atazame nyuma ya chaja kama imeandikwa 100 hadi 240.

Sasa umeme. Kama ningeanza upya, hela ya kwanza ingekwenda hapa kabla ya hedifoni na kabla ya kisanduku. Laini ya zamani ya simu ilibeba umeme wake kutoka kituoni, mtaa ukiwa gizani simu inafanya kazi. Simu ya intaneti haina bahati hiyo: ruta ikizimika, kila kitu kimezimika. Nilikuwa na UPS ya kompyuta, yaani betri ya kushikilia umeme unapokatika, ile nzito ya asidi. Umeme ukikatika inaanza kulia pii kila sekunde kadhaa, na mwanafunzi wa Toronto akaniuliza kama kuna mgonjwa chumbani. Nikahamia kwenye UPS ndogo ya ruta, yenye betri za lithiamu na matundu ya volti 5, 9 na 12, shilingi 85,000 Kariakoo. Ruta yangu ni ya volti 12, HT801 ni ya volti 5, vyote viwili vinakaa juu ya kifaa kimoja.

Boksi liliandikwa mAh 8,800 na muuzaji akaniambia itakaa kutwa. Piga hesabu mwenyewe kabla ya kuamini: namba hiyo ni ya betri za volti 3.7, si za volti 12. Gawanya 8,800 kwa elfu, unapata 8.8, zidisha kwa 3.7, unapata kama wati-saa 32, na nyingine hupotea kwenye kupandisha volti. Ruta na kisanduku vyangu hula kama wati nane. Nilipima usiku mmoja nikiwa nimezima swichi ya ukutani: zilikaa saa tatu na dakika kumi. Kwangu zinatosha, maana umeme huku mara nyingi hurudi kabla ya hapo. Ukienda kununua, chukua chaja ya ruta yako mkononi. Ulinganishe volti na unene wa pini palepale, kwa sababu ruta ya volti 12 ukiipa 9 haitaamka, na ya 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza.

Bando nalo si la kutisha kama wengi wanavyodhani. Kwa G.711, ukiweka na mizigo ya njiani, ni kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, yaani karibu megabaiti 80 kwa saa kwenda na kurudi. Kwa G.729, ambayo inabana sauti zaidi, ni kama megabaiti 28. Kinachoumiza ni foleni, kwa sababu kasi huwa ipo. Mtu chumbani akianza kupakua filamu, sauti inasimama nyuma ya filamu kwenye mlango wa ruta.

Mimi nina kipimo changu cha hilo, nacho ni salamu. Wataalamu wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano ya simu, wanapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Sina mashine ya kupimia hilo sebuleni, lakini nina "shikamoo". Kaka akisema "Shikamoo Mama" na "Marahaba baba" ikaja papo hapo, ikafuatwa na habari za huko, watoto hawajambo, kazi inaendaje, kila neno likikaa kwenye nafasi yake, basi laini ni nzima. Siku foleni imekaa vibaya, Kaka huanza "habari za huko" kabla marahaba haijamfikia, Mama anadhani hakusikia, anarudia, na wote wawili wananyamaza kumsubiri mwenzake. Salamu zetu zina mwendo, na zikikanyagana hata mazungumzo yanayofuata yanakuwa baridi. Dawa iliyonisaidia ni kwenye ruta, mpangilio wa kutoa kipaumbele, QoS: nimeweka HT801 na kompyuta yangu ya kazi mbele ya vingine vyote. Na kompyuta nimeitoa kwenye Wi-Fi nikaivutia waya, maana pale kwetu nikitafuta Wi-Fi naona za majirani zaidi ya ishirini zinagombea chaneli zilezile.

Mawili ya tahadhari. Simu ya SIP yenye akaunti ya nje haitakufikisha polisi kwa 112 wala zimamoto kwa 114. Mama ana simu yake ndogo ya vitufe ya kawaida mezani, imechajiwa, kwa ajili hiyo. La pili, kupigiana na ndugu kwa akaunti zenu ni jambo moja, na kupokea simu za kimataifa kwa intaneti ili uziingize kwenye mitandao ya hapa kwa malipo ni jambo jingine kabisa. Hilo linahitaji leseni, na watu wameshapelekwa mahakamani kwa kulifanya bila leseni. Mtu akikuomba uweke kifaa chake chenye laini nyingi nyumbani kwako akulipe kwa mwezi, kataa. Vifaa navyo vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Kwa sasa kiti cha Mama kiko sebuleni pembeni ya ruta, kwa sababu ya waya. Ameanza kusema anataka simu iende chumbani kwake, apigiwe akiwa amejilaza. Sitahamisha kisanduku. Kitabaki palepale na UPS yake. Waya wa simu ya mezani ni wa nyuzi mbili tu, unavumilia umbali wa nyumba bila shida, kwa hiyo nimenunua mita 20 na fundi anakuja Jumamosi kuupitisha darini. Mama ameshatoa kitambaa cha kufuma, amekifua, kiko kwenye kamba.